Safari ya Fimbo za Nakivale

Mtu aliyepata kuishi katika kambi ya jeshi au katika nyumba za polisi hahitaji kufundishwa thamani ya kifurushi. Leo baba yuko Mbarara, kesho amehamishiwa Moroto. Mama na watoto wamebaki walipo hadi shule zifungwe. Katikati yao hupita mabasi, na ndani ya mabasi hayo mna sare za shule, dawa, maharage, picha ya mtoto aliyezaliwa baba akiwa kazini. Kifurushi kikifika kizima, nyumba mbili hufurahi. Kikifika kimevunjika, aliyekipokea hujiuliza maswali juu ya aliyekituma, na maswali hayo hayana adabu.

Habari ninayotaka kuisimulia ilianza kwa kifurushi cha namna hiyo. Mjomba wangu ni polisi mstaafu anayeishi Jinja, si mbali na Mto Naili. Tangu alipoliweka chini bunduki alishika fimbo ya kuvulia samaki, na kila jioni njema humkuta ukingoni mwa maji. Aliposikia kwamba katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale yuko mzee anayetengeneza na kuuza fimbo za kuvulia zilizokwisha kutumika, alizinunua nne, akalipa kwa simu. Ya kwanza ilipofika Jinja, ncha yake ilikuwa imekatika, na pete mbili ambamo mshipi hupita zilikuwa zimepondeka.

“Nimeuziwa kuni,” mjomba aliniambia kwa simu. Mzee wa Nakivale naye alipoulizwa aliapa kwamba fimbo ilitoka mikononi mwake ikiwa nzima. Hao walikuwa wazee wawili wasiopata kuonana hata siku moja, kila mmoja ana heshima yake, na kila mmoja anaamini kwamba mwenzake amesema uongo. Kwa kuwa mimi nakaa Mbarara, nilipewa amri: “Nenda ukaone kama mtu huyo ni fundi au ni tapeli. Tena ulete tatu zilizobaki, au urudishe fedha.”

MJI WA NJIA

Mbarara ni mji uliokuzwa na barabara. Reli ya magharibi ilipoelekezwa Kasese, ikafika huko mwaka 1956, haikupita hapa. Kwa hiyo kila kitu kilichoingia na kutoka Ankole kiliingia na kutoka kwa magurudumu ya gari au kwa miguu. Hata leo, tangu mji ulipopandishwa daraja kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, ukisimama kando ya barabara kuu utaona malori ya ndizi, magari ya maziwa na mabasi ya Kabale yakifuatana mchana na usiku.

Askari wengi wanaujua mji huu kwa sababu nyingine. Kambi yake ilishambuliwa mwezi wa Septemba 1972 na wapinzani wa Idi Amin waliotoka Tanzania, nao wakashindwa. Mwezi wa Februari 1979 Jeshi la Wananchi wa Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, waliutwaa mji, na majengo mengi yalibomolewa. Wazee wa hapa bado huonyesha kwa kidole mahali palipokuwa na jengo fulani. Walioijenga upya Mbarara walijifunza kwamba kitu kizima si jambo la kawaida. Ni jambo la kutunzwa.

Niliondoka asubuhi kwa basi dogo, kwa barabara inayokwenda Isingiro na Kikagati. Kutoka Mbarara hadi kitovu cha makazi ya Nakivale ni mwendo wa kilometa 60 hivi. Kwanza unakwenda juu ya lami, vilima vikiwa vimevaa migomba toka chini mpaka juu, kwa maana Isingiro ni wilaya ya ndizi. Kisha unaiacha lami na kushika barabara ya udongo mwekundu. Ilikuwa kiangazi. Vumbi liliingia madirishani, na kila gari lilipoingia shimoni, mizigo iliyokuwa juu ya paa ilipaa na kutua kwa kishindo. Mara ya tatu niliposikia kishindo hicho, niliikumbuka fimbo ya mjomba, na hasira yangu kwa mzee nisiyemjua ikapungua kidogo.

NAKIVALE

Makazi ya Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mrefu kuliko mengi ya Afrika. Yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, yakiwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchi yao katika miaka ile. Baada ya hao walikuja wengine, na wengine baada yao. Leo zaidi ya watu 100,000 wanaishi hapa: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, Wasudani na wengineo. Makazi yamegawanyika katika sehemu tatu, nazo ni Base Camp, Juru na Rubondo, na vijiji vyake ni vingi hata mgeni hawezi kuvihesabu kwa siku moja.

Mtu asidhani atakuta mahema yaliyopangwa kama ya askari walio vitani. Utakuta nyumba za udongo na za matofali, mashamba ya mahindi na maharage, misikiti na makanisa, duka la Msomali lililojaa vitambaa, cherehani ya Mkongo ikilia barazani. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi na ya kutembea nchini, na Nakivale wameitumia ruhusa hiyo. Watu husalimiana kwa lugha nyingi, lakini wanapofika kwenye bei, wengi hugeuka wakasema Kiswahili. Lugha ambayo askari wa Uganda huijua kwa amri na gwaride, hapa ni lugha ya nyanya na chumvi.

Upande mmoja wa makazi limelala ziwa lenye jina hilo hilo. Si ziwa kubwa. Ni mojawapo ya maziwa madogo ya bonde la Mto Rwizi, mto ule ule unaopita Mbarara na kuunywesha mji. Kingo zake zimejaa mafunjo, na viboko wamo. Mwaka 2006 maziwa ya Mburo na Nakivale pamoja na mabwawa yake yaliandikwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Samaki wake ni perege, ambao Uganda huitwa ngege, pamoja na kambare na kamongo. Wavuvi hutoka na mitumbwi, wakiwa na nyavu na ndoana, na mwenye kuvua hutakiwa awe na leseni.

KWA FUNDI

Mzee nilimkuta chini ya mti, nyuma ya nyumba yake, amekaa juu ya kigoda na fimbo imelala mapajani mwake kama mtoto mgonjwa. Yeye ni mtu wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, katika Kongo. Utoto wake ulipita katika kuvua dagaa usiku kwa taa. Ujana wake aliutumia Kalemie, na huko ndiko alikojifunza kutengeneza fimbo za watu waliovua kwa starehe. Vita vilimtoa kwao. Hakutoka na kitu ila mkewe, watoto na ufundi wake.

Fimbo zenyewe hutoka mbali. Huja Kampala katika marobota ya mitumba, pamoja na viatu na mifuko, nyingi zikiwa zimekatika ncha au zimepoteza pete. Mchuuzi mmoja humletea. Yeye huzisafisha, huondoa pete iliyoharibika, huweka nyingine, huifunga kwa uzi mwembamba mzunguko kwa mzunguko, kisha hupaka vanishi na kuiacha siku mbili ikauke. Nilipoziona kazi zake mbili tatu, nilijua kwamba swali la kwanza la mjomba lilikuwa limekwisha kujibiwa. Huyu alikuwa fundi.

Nikamwuliza, “Mzee, ile ya kwanza uliifungaje?”

Hakusita. “Mwanangu, niliiweka katika gunia, nikaifunga kamba ya mpira wa baiskeli, nikaikaza sana ili isiponyoke. Kigurudumu cha kukunjia mshipi nilikiacha mahali pake, ili mwenyewe akifika aende ziwani moja kwa moja.”

Nilimtazama, naye alinitazama, na nadhani tulielewa kwa wakati mmoja. Fimbo ilikuwa nzima ilipotoka. Katika hilo hakusema uongo. Lakini gunia halizuii uzito wa mfuko wa mahindi uliowekwa juu yake. Kamba iliyokazwa hubana mahali pamoja. Na kigurudumu cha chuma, kikicheza ndani ya gunia kwa mamia ya kilometa, hugeuka nyundo. Mzee alinyamaza kitambo, akasema, “Nilijua kuitengeneza. Kuisafirisha sikujua. Mwambie mzee mwenzangu kwamba kosa ni langu.”

Alinieleza kwa nini fimbo hudanganya macho. Imetengenezwa kwa nyuzi za kioo, au za kaboni, zilizoshikwa kwa gundi ngumu. Ukiipinda kwa upinde mrefu, kama samaki anavyoipinda, huvumilia sana. Lakini ukiigonga ubavuni au ukiibana mahali pamoja, hupata ufa mdogo usioonekana, na siku ya samaki mkubwa hukatika hapo hapo. Ile ya kaboni ni nyepesi zaidi, tena huvunjika upesi zaidi ikigongwa.

Kisha alizitoa zile tatu zilizobaki. Akazifuta kwa kitambaa, akapitisha ukucha taratibu toka mpini hadi ncha, akisikiliza. Kwenye fimbo ya pili alisimama, akaigeuza juani, akaniita nitazame. Karibu na kiungo palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Mimi nisingeuona kamwe, wala mjomba asingeuona.

“Hii haiuzwi,” akasema, akaiweka kando. Akaingia ndani, akatoka na fimbo nyingine iliyo bora kuliko ile, aliyokuwa ameiwekea bei ya juu, akaiweka mahali pake bila kuomba nyongeza. Na hapo swali la pili la mjomba likapata jibu.

NAMNA TULIVYOFUNGA

Tulikubaliana kwamba safari hii fimbo zifungwe pamoja naye, tena zifungwe Mbarara, mahali ambapo vifaa vinapatikana. Nawaeleza wasomaji jinsi tulivyofanya, kwa maana anayeweza kusafirisha fimbo ya kuvulia salama ataweza kusafirisha mwavuli, rula ya mwanafunzi, picha iliyokunjwa au fimbo ya kutembelea ya babu.

Kwanza ni usafi. Nyumbani kwake mzee alizioshea fimbo kwa maji safi na sabuni, akaziacha zikauke kabisa kivulini. Fimbo iliyofungwa ikiwa na unyevu huota ukungu na kutoa harufu. Tena kuna sababu kubwa zaidi: kipande cha jani la majini kilichonata kwenye pete chaweza kuvuka kutoka ziwa moja hadi jingine. Wanaolijua gugu maji la Ziwa Viktoria hawahitaji kuambiwa hasara ya magugu yanayosafiri.

Pili, vitu viliachanishwa. Kigurudumu kilitolewa, kikafungwa peke yake katika kisanduku kidogo. Ndoana zote ziliondolewa, kwa kuwa ndoana iliyosahauliwa humwumiza mpakuzi asiye na hatia.

Tatu, vipande vilifungwa pamoja. Kila fimbo yetu ilikuwa na urefu wa futi 7, nayo huachana katika vipande viwili vya futi 3 na nusu. Mke wa mzee alichana kitenge kikuukuu, akatupa vipande vya kufungia. Mzee alilaza kipande chembamba ubavuni mwa kile kinene ili kinene kikilinde, akaweka kitambaa kati yao, akafunga mahali patatu, wala hakukaza. “Kamba ishike, isibane,” alisema. Hatukutumia utepe wa gundi juu ya fimbo, maana huondoka na rangi, wala waya, wala mpira.

Nne, ncha na pete zilivikwa. Hapo Isingiro ilitusaidia bila gharama. Maganda makavu ya mgomba, yale ambayo wanawake husukia vikapu na kufungia mizigo, ni laini na mepesi, na hurudi yakibonyezwa. Tulizivika pete moja moja, na ncha tukaivisha kofia nene.

Tano, ndilo kubwa kuliko yote, ni ganda gumu. Katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Mbarara tulinunua bomba la plastiki la inchi 4, lile la maji machafu, jipya, mwenye duka akatukatia kwa msumeno urefu wa futi 4. Hesabu yake ni rahisi: fimbo ya futi 3 na nusu ndani ya bomba la futi 4 huacha inchi 6, nasi tuligawa inchi 3 kila upande na kuzijaza maganda ya mgomba. Fimbo zote tatu ziliingia. Tukatikisa bomba masikioni. Lililia. Tukaongeza maganda, tukatikisa tena, likanyamaza. Huo ndio mtihani wenyewe: mzigo unaosikika ukitikiswa ni mzigo ambao umeanza kuvunjika.

Sita, tulifunga vizibo pande zote mbili, tukavizungushia utepe. Jina na simu ya mpokeaji viliandikwa mahali pawili juu ya bomba, na karatasi nyingine yenye maneno hayo hayo ikawekwa ndani, kwani maandishi ya nje hufutika. Asiye na bomba aweza kutumia mwanzi mnene uliotobolewa vifundo, ama mbao nne nyembamba zilizopigwa misumari. Lakini maboksi laini peke yake hayatoshi.

Mwisho, kabla ya kufunga tulipiga picha za kila fimbo na kuzipeleka kwa mjomba kwa simu, pamoja na karatasi iliyoandikwa hali ya kila moja: pete ipi ni mpya, mpini upi umechakaa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kitu kikuukuu kikielezwa ukweli wake, mnunuzi hana la kulalamikia.

KITUO CHA MABASI

Kutoka Mbarara hadi Kampala ni kilometa 270 hivi kwa kupitia Masaka, na Jinja iko kilometa 80 mbele ya Kampala. Mzigo hushushwa Kampala na kupakiwa tena. Nimejifunza kwamba si urefu wa njia unaovunja vitu; ni kule kushushwa na kupakiwa. Kwa hiyo tuliuliza mapema saa ya kuondoka, tukachagua basi la asubuhi ili mzigo usilale kituoni, tukamwomba karani wa mizigo bomba lilazwe ubavuni mwa sanduku la chini, wala lisiwekwe juani wala chini ya magunia. Tukalipa, tukapewa risiti, na namba ya gari nikaisoma kwa mjomba. Anayetuma kwa posta naye aulize kwanza mpaka wa urefu wa vifurushi, maana kukataliwa dirishani baada ya kufunga kila kitu ni uchungu.

Mzee alisimama hadi basi likatoka. Nilimwambia akae kivulini, akakataa. “Hiyo ndiyo inayokwenda kunitetea,” akasema. “Mimi huko Jinja sina mtu anijuaye. Nina bomba tu.”

Sikuwa na la kumjibu. Tulikunywa chai ya maziwa, kisha akapanda gari la kurudi Nakivale.

Kesho yake jioni simu ya mjomba iliita. Alikuwa amelifungua bomba mbele ya shangazi na majirani wawili, kama polisi afunguavyo kielelezo, akakagua fimbo moja moja kwa kufuata karatasi. Zote zilikuwa nzima. Nilimsimulia habari ya ufa mwembamba na fimbo iliyobadilishwa. Alinyamaza kwa muda mrefu kuliko desturi yake, kisha akaomba namba ya simu ya mzee. Waliongea karibu saa nzima, na nilivyoambiwa baadaye, fimbo iliyovunjika haikutajwa ila mwanzoni. Yaliyobaki yalikuwa juu ya samaki.

Baada ya wiki moja nilipigiwa simu kutoka kituo cha mabasi, niende kuchukua mzigo wangu. Lilikuwa bomba lile lile, limerudi na vizibo vyake. Nililitikisa sikioni, lilinyamaza. Ndani yake mlikuwa na ile fimbo ya kwanza, imetumwa kwa fundi itiwe ncha mpya kwa malipo kamili. Na mahali pa maganda ya mgomba shangazi alikuwa ameizungushia kitenge kipya, akaandika kwenye karatasi: “Kwa mama wa Nakivale, badala ya kile alichokichana.”